Suke Lililobaki kwenye Kitambaa Kibichi

Miaka ile ya themanini, sukari ilipopatikana kwa foleni, nilikuwa fundi saa sokoni Babati. Vipuri havikuwa vikija, hivyo nilikuwa na muda mwingi wa kusoma. Mteja mmoja aliniachia kijitabu cha kilimo kisicho na jalada. Sura moja ilieleza jinsi watafiti wa nafaka za kuvumilia ukame wanavyotoa kiini cha punje changa na kukiotesha ndani ya chupa, wakikilisha sukari, kwa kuwa punje yenyewe haijawa na nguvu ya kuota. Niliisoma mpaka nikaikariri.

Mama mkwe wangu alikuwa na nafaka ya namna hiyo tayari: mtama mwekundu, mfupi, aliohama nao kutoka Mbulu. Ulizaa hata mvua ikikatika mapema. Mwaka ule njaa ilimlazimisha kusaga mbegu karibu yote, akapanda kiganja kimoja tu shambani kwake, kijijini Singe. Ulipotoa masuke, makundi ya ndege, kweleakwelea, yakashuka kuula. Aliwahi machache yaliyobaki, akayakata mabichi, punje zikiwa bado na maziwa, akayatundika juu ya moto jikoni kwetu, alikokuja kukaa. Ndivyo mbegu ilivyotunzwa kwao, moshi uzuie wadudu.

Jioni nilipasua punje kadhaa, nikazitazama kwa lenzi ya saa.

"Mama, hizi zimekufa."

"Moshi haujawahi kuua mbegu yangu."

"Zilizokomaa, sawa. Hizi zilikuwa changa, moto umezikausha."

Alizipokea mkononi, akazibonyeza moja moja kwa ukucha. Mke wangu ndiye aliyekumbuka suke moja alilolifunga kwenye kitambaa kibichi, ili awachomee watoto.

Kesho yake, nikifuata kile kijitabu, nilichemsha chupa ndogo za dawa ya sindano, zenye uji mwepesi wa wanga wa mhogo, sukari na chembe za mbolea, ndani ya sufuria yenye jiwe juu ya mfuniko, mvuke uue vijidudu. Spiriti haikupatikana mjini, nikanunua gongo, pombe kali ya kienyeji.

"Mkwe," aliuliza mama, ambaye hakukosa ibada hata Jumapili moja, "siku hizi gongo inaingia humu ndani?"

"Ya kunawa mikono, mama."

"Na mdomo utanawa lini?"

Mke wangu alicheka hadi akaketi chini. Kisha akatazama kopo la sukari, akaacha kucheka. Ilikuwa ya chai ya mgeni, na mgeni alikuwa mama yake.

"Mimi nipe chai ya chumvi," mama alisema. "Sukari wape hao wa chupani."

Kwa kibano changu cha saa nilitoa viini ishirini na viwili, kila kimoja kidogo kuliko kichwa cha pini. Baada ya siku nne ukungu ulikuwa umekula chupa kumi na tano. Mama alizikagua kila asubuhi kabla ya watoto kumwamkia, akizigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Katika zilizobaki, tatu zilichipua. Mche mmoja ulinyauka nilipouhamishia kwenye kopo la udongo. Miwili ilifika Singe.

Mama aliifunika kwa chandarua kilichochakaa, akaketi kando yake na fimbo ya kufukuzia ndege kila asubuhi, msimu mzima. Masuke yalipogeuka mekundu alinitumia ujumbe sokoni nije, nisisahau lenzi.

Nilimkuta ameshika punje moja. Fimbo ilikuwa chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Angalia kwanza, nisije nikaua tena."

Niliitazama. Pale chini, punje ilipokuwa imeshikana na suke, palikuwa na doa jeusi, alama kwamba imekomaa.

"Tayari, mama."

Hakuniamini upesi. Alichukua lenzi, akafumba jicho moja, akatazama muda mrefu. Kisha akakata suke la kwanza, akaenda nalo jikoni kwake kulitundika.