Saa ya baba imenadiwa leo

Leo nimeikosa saa ya marehemu baba, na kosa lenyewe ni la saa.

Chekeni, ila nisikilizeni kwanza.

Ni saa ya ukutani, ilikuwa kwenye duka lake la ushonaji pale Mchafukoge. Baada ya msiba vitu vya duka vikauzwa, ikapotea. Juzi naikuta kwenye mnada wa mtandaoni! Nimeijua kwa kiraka cha kitenge alichobandika kuziba ufa.

Mnada unafungwa leo saa nne asubuhi. Shoga yangu Neema akanishauri: "Usiweke dau mapema, watakupandishia bei. Tumia roboti. Unaipa bei na muda, yenyewe inaweka dau sekunde ya mwisho."

Nikaipa bei. Nikaipa muda: 4:00.

Saa nne ikafika, roboti kimya. Mnada ukafungwa, saa ikaenda kwa mtu mwingine.

Neema akachungulia simu yangu. "We! Saa nne kwenye simu ni 10:00! Umeanza lini kusahau?"

Sijasahau. Tangu juzi nilikuwa naitazama tu picha ya saa yake pale mnadani. Baba aliitega saa yake Kiswahili: ikiwa saa nne, mshale mfupi uko kwenye nne. Hapo ndipo nilipojifunzia kusoma saa, nimekaa pembeni ya cherehani yake. Mteja akimwambia imekosea, anamjibu, "Unasema saa nne, unatazama kumi. Nani kakosea?"

Anayemjua aliyeinunua, amtagi hapa.

Siidai.

Naomba tu asiirekebishe. Haijakosea.