Programu yangu ilisifiwa Bariadi mpaka nikakaribia kufukuzwa

Wakuu, salamu kwenu. Hiki kisa sijahadithiwa, kilinikuta mwenyewe, na chumvi nimeiacha jikoni.

Ni enzi zile soko huria limeanza kuchanganya, Simiyu haijawa mkoa. Wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa Bariadi.

Mimi kijana wa Dar nimeacha kazi ya kudumu ili nimtengenezee bosi mmoja wa kiwanda cha kuchambua pamba programu ya mapokezi. Mkulima anafika, anasajiliwa, pamba inapimwa, risiti inatoka.

Bosi hakuwa na maneno mengi. "Msimu ukifunguliwa foleni ikasimama, mkulima anavuka barabara kwa mwenzangu. Ikitokea hivyo, beba kompyuta yako uende."

Nikawafundisha makarani, tukafanya majaribio na wakulima wachache waliotoka kijijini Sola. Foleni ikasimama kweli kweli!

Nikawauliza makarani, shida iko wapi?

"Hakuna shida, mtaalamu. Ni nzuri sana."

Nikamgeukia Kabula, karani mkuu. "Nzuri tu, mtaalamu. Wabeja sana." Yaani na asante juu.

Hata mzee aliyesimama mpaka miguu ikamuuma alinipa mkono akanipongeza.

Wakuu, nilitamani kulia. Kule mgeni hasemwi vibaya mbele ya uso wake. Heshima yao ilikuwa inanimaliza.

Mchana tunakula ugali, Kabula akaniuliza, "Hivi mtaalamu, wewe kabila gani?"

"Mzaramo."

Tonge likabaki hewani. "Mzaramo! Yaani muda wote huu tunamheshimu mtani?"

Kwa wasiojua: Msukuma na Mzaramo ni watani. Mtani unamwambia lolote, na kununa haruhusiwi.

Hapo ndipo feedback ilipofunguka.

"Mtani, unamuuliza mzee tarehe ya kuzaliwa, jina la babu, jina la mke. Unanunua pamba au unaposa?"

Maduhu wa mizani akadakia, "Hiki kioo chako jua likipanda naona sura yangu tu. Na sura yenyewe ndiyo hii!"

Kabula tena: "Nikikosea kidogo hili dude lako linapiga kelele, wakulima wote wananigeukia kama nimeiba kuku."

Nilicheka mpaka ugali ukanipalia. Uzaramo wangu nao ulitukanwa sana, ila hiyo siyo bug ya programu, nikaiacha.

Maswali nikayafyeka, yakabaki jina, baba na kijiji. Kelele nikazima. Meza nikaihamishia kivulini. Nikawaita tena, wakanichana tena, nikarekebisha tena.

Msimu ukafunguliwa. Foleni ikatembea! Wakulima wa ng'ambo ya barabara wakaanza kugeuza mikokoteni yao ya ng'ombe kuja kwetu. Nilisimama getini najiona nimeshinda ubunge.

Bosi akanipa kazi ya msimu uliofuata palepale.

Jioni yule mnunuzi wa ng'ambo akaja mwenyewe kunishawishi nihamie kwake. Kabla sijafungua mdomo, Kabula akamkata:

"Wewe unaweza kumtukana huyu asinune? Huwezi, wewe siyo mtani wake. Basi programu yake itakuharibikia."

Jamaa akavuka barabara kurudi kwake.

Nilichojifunza: user anayekusifu tu bado anakuona mgeni. Mtafute anayeweza kukuchana usoni, mkalishe karibu na umpe chai.

Developers wenzangu, nani aliwahi kukuchana mpaka kazi ikanyooka? Shusheni hapa.

Na Wasukuma mliomo humu, uwanja ni wenu. Nitukaneni.