Kumtafuta Mama Zuhura Mchikichini

Sikwenda Dar kutembea. Mwaka wa mwisho wa shahada yetu ya uchambuzi wa takwimu za biashara, kila kundi hupewa biashara ya kweli, yenye wenyewe, likaitafutie jibu la swali lake. Wenzetu walipewa mashamba ya kuku hapohapo Morogoro. Mimi na Godlisten, Mmachame anayejua kuongea kuliko kuchambua, tukaangukia duka la jumla la zipu, vifungo na nyuzi Kariakoo. Swali la mwenye duka lilikuwa fupi: wateja wangu wa zamani wamekwenda wapi? Kwenye fani yetu watu hao wana jina lao. Tunawaita waliopotea. Nililipenda neno hilo na nilikuwa nikilitamka kwa mikogo.

Jumatatu asubuhi tulipanda treni ya umeme. Godlisten alisinzia kabla hatujaondoka stesheni, mimi nikafungua kompyuta kuipitia orodha tuliyotumiwa. Ilinakiliwa kutoka kwenye madaftari ya baba wa mwenye duka, na humo hamkuwa na majina ya vyeti. Mlikuwa na Mama Neema, Baba Juma wa Buguruni, Mama Zuhura wa Mchikichini. Programu yangu iliwapanga kwa namna walivyokuwa wakija dukani, na juu kabisa ya waliopotea ikamweka huyo Mama Zuhura. Mteja anayehamia duka jingine hupungua kidogokidogo. Huyu alikuja kila wiki kwa miaka minne, kisha akakatika ghafla.

"Huyo wa zamani mno," Godlisten alisema alipoamka na kuchungulia. "Karibu miaka ishirini. Tutafute wa juzi."

Nilimwambia anyamaze. Nilikuwa nimeshampenda Mama Zuhura kwa jinsi alivyokaa vizuri kwenye mchoro wangu.

Saa nne tulikuwa Kariakoo. Mwenye duka, Bi Thuraya, ni mwanamke wa Kiarabu wa hapahapa mjini, mcheshi, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Tulimwamkia, akatuitikia na kutukalisha juu ya maboksi ya zipu. Duka alikabidhiwa mwaka juzi, baba yake alipokwenda kupumzika kwa ndugu zake Tanga.

"Hawa wa zamani mie siwajui," alisema. "Baba ndiye anayewajua, na simu yake leo haishiki. Nendeni tu mkaulize. Mchikichini wanajuana."

Jumanne, saa tano, nilikwenda soko la Mchikichini kwa miguu, peke yangu. Godlisten alibaki dukani kupiga simu za wengine. Namba ya Mama Zuhura ilikuwa haipatikani. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na wauzaji walikuwa wamefunga maturubai ya bluu juu ya njia zote, hata uso wa kila mtu ukaonekana wa bluu. Nilianzia kwa muuza viatu mmoja aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote.

"Mambo, dada! Unavaa namba ngapi?"

"Poa, kaka. Namtafuta Mama Zuhura."

Kelele zikamwisha. Alinitazama usoni, si kwa macho ya kijana anayemtazama msichana, bali kama mtu anayekagua noti.

"Umetoka wapi?"

"Morogoro."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Nenda mbele," alisema kwa sauti ya chini. "Waulize wa nguo za watoto."

Kwenye nguo za watoto nilimkuta mama mtu mzima akipanga vijigauni. Nilimpa shikamoo, akasema marahaba, nikamtajia jina. Kijigauni kikamponyoka.

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Ishirini na miwili."

"Nani kakulea?"

Nilishangaa. Swali gani hilo la kumuuliza mtu sokoni? Lakini nimelelewa na bibi yangu, nikamjibu hivyo.

"Na hapa umekuja kufanya nini?"

Nikaona ni wakati wa kulitumia neno langu. "Tunatafuta waliopotea," nikasema, nikatabasamu.

Yule mama aliziba mdomo kwa kiganja. Hakunielekeza kwa maneno, aliinua tu mkono kuonyesha upande wa mafundi cherehani.

Kutoka hapo sikuhitaji kuuliza tena. Jina lilikuwa limenitangulia. Nililisikia likipita kwa mnong'ono nyuma ya mitumba iliyotundikwa, kibanda hadi kibanda, na kila nilipofika watu walikuwa wameshasogea kunipisha. Hakuna aliyeniita dada, hakuna aliyenivuta mkono ninunue. Nilipoingia njia ya mafundi, cherehani ya kwanza ilinyamaza, kisha ya pili, kisha zote, nikabaki nasikia maji yakidondoka kutoka kwenye maturubai. Niligeuka nirudi, nikaona njia imejaa. Yule mama wa nguo za watoto alikuwa nyuma yangu, na muuza viatu, kiatu kimoja bado mkononi, na wengine nisiowajua. Walikuwa wananifuata bila neno. Niliogopa, nasema kweli, na mchana ulikuwa mweupe.

Mwisho wa njia alisimama mwanamke wa miaka kama hamsini, utepe wa kupimia shingoni. Alikuwa ameshaambiwa. Hakunisalimia. Aliushika mkono wangu wa kushoto, akapandisha shati hadi juu ya kiwiko, akaugeuza kwenye mwanga. Alitazama kwa muda mrefu. Akautazama na wa kulia. Akarudia wa kushoto, akapasugua kiwikoni kwa dole gumba, taratibu, kama anayefuta vumbi ili aone kilicho chini yake.

"Aliungua na pasi," alisema, akiwaambia wale waliokuwa nyuma yangu. "Hapa. Huyu hana."

Mtu mmoja akaanza kulia. Mwanamke aliushusha mkono wa shati langu, akaunyoosha vizuri, akafunga kifungo.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Upendo, mama. Ni mwanafunzi. Nimetumwa na duka la zipu."

Aliketi. Mama wa nguo za watoto ndiye aliyenieleza, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. Zuhura alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi huyu. Walikuwa wakiishi Jangwani, bondeni kando ya mto. Maji yalipojaa bondeni yalimchukua, ana miaka mitatu, na hakuonekana tena, hai wala maiti. Mama yake alitembea kulifuata bonde mwaka mzima akiuliza. Alipomzaa Shabani, soko zima, bila kikao, likaanza kumwita Mama Shabani. Tangu hapo hakuna aliyelitamka lile jina mbele yake. Ndipo nikatokea mimi, wa umri uleule, niliyelelewa na bibi, nikisema natafuta waliopotea.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilipiga magoti nikaomba radhi.

"Hukujua," alisema. Alianza kukanyaga cherehani, na sindano ikapanda na kushuka bila nguo chini yake.

Jumatano simu ya Tanga ilipatikana. Bi Thuraya aliweka spika, na mzee akacheka kidogo nilipomwambia Mama Zuhura yumo kwenye waliopotea.

"Huyo hajapotea. Anakuja kila wiki. Lile jina nililiacha, nikamwandika kwa la pili."

Nilifungua orodha. Mama Shabani wa Mchikichini alikuwa wa kwanza kati ya wateja ambao hawajawahi kuliacha duka. Programu yangu, niliyojivunia hivyo, ilikuwa imeona watu wawili.

Ijumaa tulimkabidhi Bi Thuraya majibu. Wateja wake wengi walikuwa wameanza kuagiza vitu kwa simu kwingine, na alifurahi kulijua hilo. Kabla ya treni nilirudi Mchikichini. Nilimweleza fundi kwamba kwenye orodha yetu yeye ni watu wawili, na kwamba nataka kuwaunganisha, ila nilitaka kwanza ruhusa yake.

Alifikiri. "Yule wa kwanza usimfute."

"Lakini mama, ataonekana amepotea."

"Si amepotea?"

Basi nimemwacha. Ripoti yetu ina aliyepotea mmoja zaidi, na mhadhiri ametukata alama.

Nilipoinuka kuaga alinishika mkono, uleule wa kushoto.

"Hebu niite tena," alisema. "Mara moja tu. Siku nyingi sijaitwa."

Nikamwita, "Mama Zuhura."

"Abee," akaitika, laini, upesi, kama mtu aliyekuwa chumba cha pili. Akaniinulia uso na kusubiri, kama anavyosubiri yeyote aliyeitwa, asikie anaitiwa nini. Chuoni nilifundishwa kuwatafuta waliopotea. La kuwaambia wakishaitika sikufundishwa.