Chokaa Shinani kwa Mgeni

Enzi zetu kule Bombo milimani, mtoto aliyepitisha jembe karibu na ua la mama alilala masikio yakimuwaka. Hatukulalamika. Tulijua mama ana watoto watano wa kuzaa na mmoja wa kupanda, na huyo wa kupanda ndiye aliyekuwa hapigwi.

Jina lake la vitabuni ni rododendroni. Mke wa mchungaji aliyekuwa akihama alimwachia mama mche mmoja kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na kwa kuwa jina lilitushinda sote, mama akauita Mgeni. Ulikua ukampita baba kimo. Ulipochanua, maua mekundu yalijaa kwenye ncha za matawi, na watu waliotoka kanisani walisimama njiani kuyatazama hadi wakasahau njaa.

Kumlisha Mgeni ilikuwa kazi yetu watoto. Jumamosi tulipanda na vikapu hadi ukingoni mwa msitu, tukazoa majani yaliyooza, yale meusi yanayonukia mvua, tukarudi na siafu mapajani. Tuliyatandaza shinani kwa mikono, maana mizizi yake iko juujuu na jembe lingeikata. Makapi ya chai nayo yalikuwa yake. Leo ukimtuma kijana akazoe majani msituni, atakuuliza kama hayauzwi mjini Same.

Amri kubwa ilikuwa moja: jivu marufuku, maana Mgeni hupenda udongo mchachu na jivu huuondoa uchachu. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu kwetu jivu la jikoni ndiyo mbolea. Migomba hupewa, maharage hupewa, hata kahawa. Bibi, mama yake baba, alikuja kukaa kwetu mwezi mmoja, akamwonea Mgeni huruma kwa kunyimwa, akammwagia debe zima. Majani yakaanza kuwa ya manjano. Mama alipiga magoti akachota udongo ule kwa vidole mpaka kucha zikatoka damu. Siku mbili nzima kila bibi alipopita, mama alisema tu, "Shikamoo, mama," bila kuinua macho. Siku ya tatu alituita sisi watoto nyuma ya jiko.

"Bibi yenu alikuwa hajui," alisema. "Ninyi mmeshajua."

Mama sasa yuko kwangu Same mjini, anatibiwa magoti, na kila asubuhi huuliza, "Mgeni amelishwa?" Eliamini, mdogo wetu wa mwisho aliyebaki na nyumba, hujibu kwenye simu kwamba Mgeni yupo salama kabisa.

Wiki iliyopita nilipanda mwenyewe kwenda kuona. Kwa ajili ya kipaimara cha binti yake, Eliamini amepaka chokaa mawe yote ya njia, akapaka na shina la Mgeni hadi usawa wa kiuno, na chokaa iliyobaki kwenye ndoo, iliyo kali kuliko jivu, akaimwaga palepale shinani. Nusu ya majani yamepukutika, yaliyobaki yameungua kingo. Nilipouliza, akaniambia picha zilitoka vizuri.

Nina hasira na sitaki kuificha. Huyu alibeba kikapu pamoja nami. Siafu walimuuma yeye kuliko sisi wote. Alikuwepo nyuma ya jiko siku ile, amening'inia kwenye kanga ya mama. Nilipiga magoti nikachota udongo kwa vidole, ndoo tatu, naye amesimama nyuma yangu mikono mfukoni.

"Dada, si ua tu hilo? Nitamnunulia mama lingine."

Nikaiweka ndoo chini, maana ningemjibu nayo.

Nilirudi mjini na jani moja lililorukiwa na chokaa. Mama aliligeuza, akalisugua kwa kidole gumba, akaona weupe uliobaki kwenye ngozi yake. Hakuuliza ni nani. Alilitia jani mfukoni mwa gauni akaomba chai.

Zamani hatukuwa na sakafu wala bomba, lakini mtu akiharibu aliharibu kwa kutojua, tukarekebisha, jioni tukala sahani moja. Siku hizi tunajua kila kitu na kila mmoja ana simu yake. Leo saa nne asubuhi yangu iliita, nikalisoma jina la Eliamini kwa sauti. Mama alikuwa mlangoni juani, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Mwambie nimelala," alisema, akaendelea kuchambua.