Swali Ambalo Kaka Hakuulizwa

Kaka yangu alikuwa rubani ambaye hakuwahi kupanda ndege. Alirusha droni, akipiga picha mapaa ya viwanda na maghala ili wenyewe wajue bati gani limeoza. Tulikuwa watatu: yeye na rimoti, fundi wa betri, na mimi mdogo wake, mtazama anga, wa kumwonya kama kuna ndege au waya karibu.

Kaka tulimwita Bwana Kagua. Droni haikunyanyuka kabla hajatukusanya nyuma ya gari, atueleze upepo ukoje, droni ipite wapi, na ikikataa amri ishukie wapi. Kila mmoja alirudia kazi yake kwa mdomo wake. Mwisho alituuliza mmoja mmoja: "Umeamkaje? Usinidanganye, mwili hauna betri ya akiba." Siku moja fundi alipojibu kwamba kichwa kinamgonga, kaka aliahirisha kazi. Mteja akafura. Kaka akamwambia paa halina miguu, kesho tutalikuta palepale.

Asubuhi ile, kwenye uwanja wa kiwanda cha sabuni, alituuliza kama kawaida. Fundi akajibu ameamka kama chuma.

"Chuma chenyewe kimeshika kutu," kaka akasema, tukacheka.

Nilimwona akijisugua kifua kwa kiganja. Shingo ilimlowa jasho na jua lilikuwa bado halijapanda. Swali lilinifika mdomoni, nikalimeza. Miaka sita yote muulizaji alikuwa yeye. Hatukuwa na mazoea ya kumuuliza.

Dakika ya nane droni ikiwa angani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, naishusha."

Aliishusha taratibu, ikatua katikati ya alama, akaizima. Ndipo akaketi chini. Hatukufika naye hospitali akiwa hai.

Namshukuru Mungu kwa ndugu aliyenipa, na sina ugomvi na wakati aliomchukua. Lakini lile swali nililolimeza ninalipeleka mbele zake kila nikipiga magoti.

Sasa rimoti ninayo mimi. Juzi, nyuma ya gari lilelile, nilimaliza kuwauliza wenzangu, nikainama kuichukua. Fundi akaiwekea mkono juu.

"Na wewe, dada, umeamkaje?"

Nilitaka kusema salama. Nikamwambia tangu tumzike sijapata usingizi.

Alichomoa betri moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye sanduku, kisha akaenda kuongea na mteja.