Keziah, Nanga ya Cradley

Siku hizi neno nanga limeshuka thamani. Vijana wanaliandika kwenye kadi za harusi, mume nanga ya mke, mke nanga ya mume, na mwaka haujaisha wameshaachana. Sisi wa Cradley, mji wa wahunzi Uingereza, tulizifua nanga zenyewe kwa moto na nyundo. Jina hilo tulimpa mtu mmoja tu, yule anayeshika mwisho wa kamba siku ya mashindano ya kuvutana.

Lakini bahari ilikuwa mbali nasi, na wengi hatukuwahi kuiona. Tuliamini nanga hushika kwa sababu ni nzito, basi. Kwa hiyo mwisho wa kamba tulimweka Beattie Dunn, mnene kuliko wote, na kila mwaka wanawake wa kiwanda cha matofali cha Lye, mji jirani, walimburuta.

Shangazi yangu Keziah Raybould alikuwa mwembamba kama mpini. Alikuwa mjane, akifua minyororo ya kiwanda peke yake kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na siku ya kamba ndiyo siku pekee aliyofanya kazi bega kwa bega na wenzake. Kiangazi kimoja kiwanda kilitupeleka Barmouth, pwani. Wenzake walikimbilia bia. Yeye alimganda mzee mwenye mashua mpaka akamwonyesha nanga inavyofanya kazi.

"Uzito si kitu," alituambia aliporudi, macho yanawaka. "Inalala, inachimba. Na mnyororo lazima ulale nao. Ukinyanyuka tu, nanga inang'oka. Nipeni mwisho wa kamba."

Floss Tromans, nahodha, alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe, Kez? Upepo ukivuma si tutakuokota Birmingham!"

"Beattie wanamburuta kama gunia la viazi."

"Nani gunia?" akafoka Beattie.

"Tukishindwa," Keziah akasema, "sishiki kamba tena maisha yangu."

Floss akaacha kucheka. Alijua maana yake kwa mjane wa kibandani, akampa mwisho wa kamba.

Siku ikafika, na mvua juu. Mimi ndiye niliyekuwa mpiga kelele wao, wa kuwaambia lini washike na lini wavute. Refa akashusha mkono kwa mvuto wa kwanza kati ya mitatu, na kabla sijafungua mdomo wasichana wa mbele walishainua kamba hadi kifuani. Keziah aling'oka kama karoti. Lye wakashangilia: "Nanga yenu inaelea! Mmefua ya mbao?"

"Beattie, rudi nyuma," Floss akaamuru.

"Kamba ilikuwa juu!" Keziah akalia, matope hadi kwenye nyusi. "Ilazeni!"

Beattie ndiye aliyemwokoa. "Mwache, Floss. Mimi nakaa mbele yake. Kamba nitaikalia kwa kitambi hiki, tuone nani ataiinua."

Mvuto wa pili tukachukua! Uwanja mzima ukapiga mayowe, na waume zetu wakamwaga bia bila kujali.

Wa tatu ndio ulikuwa wenyewe. Lye walivuta kwa hasira, wakubwa, mikono imezoea udongo. Kitambaa cha katikati kikaelekea kwao, kikaelekea, kikasimama. Nikatazama nyuma. Shangazi alikuwa amelala karibu ardhini, kamba imepita begani, visigino vimezama, wala havuti. Anakaa tu.

"Shikeni!" nikapiga kelele. "Msivute! Shikeni!"

"Vuta, mjinga wewe!" akapayuka mume wa Floss.

"Nyamaza, Harold!" akajibu Floss, meno yamebana.

Lye wakavuta tena, na tena, na kamba haikusogea. Nikaona visigino vya mwanamke wao wa mbele vikianza kuteleza.

"Sasa, Cradley! Sasa!"

Wakaja! Wote, wakiteleza na kutukana, mpaka kitambaa kikavuka mstari, na Beattie akaketi kwenye matope akilia kama mtoto.

Floss akakimbia nyuma kumwinua Keziah. Akavuta, wapi. "Toka, mama, tumeshinda!"

"Siwezi. Nimejichimbia."

Tukamvuta watatu. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki chini, na shangazi akarudi nyumbani mguu mmoja peku, akiimba, huku Floss akimuuliza kila hatua kama mwakani atapenda mwisho uleule wa kamba.

Uwanja ule wamemwaga lami, wanaegesha magari. Kiatu hakuna aliyekwenda kukifukua.