Mgongo wa Telesphor

Utotoni Theopista alifundishwa na mama yake kufinyanga vyungu, lakini kila chungu chake kilitoka na kitovu. Akachapwa, akaendelea. Alipokuwa mtu mzima, ghala lake pale kijijini Mamba lilijaa watu wasiotimia. Goti la katekista alilichonga kwa mninga. Tumbo la mwenyekiti wa kijiji alilikata kwenye dumu la plastiki, likang'aa kama lenyewe. Visigino vya shangazi yake vilikuwa vya udongo wa kichuguu, ambao ulipokauka ulipasuka wenyewe, akapunguziwa kazi. Palipohitaji nyama laini alitumia soli za ndala zilizochoka.

Alitaka kujua jambo moja tu: mtu akiwa mbali, kabla hujaona sura, unamtambua kwa nini?

Mumewe, Telesphor, hakuwa na swali hilo. Mwaka ule wa tisini na sita ndege aina ya kwelea walishuka kwenye mpunga wao kwa fujo, na yeye uvumilivu ukamwisha.

"Mama Romana, mpunga unaliwa, wewe unafuga magoti! Ndege wakiumaliza, haya madude yote nayatia moto."

Halafu akaenda zake Mpanda mjini, mtaa wa Nsemulwa, kwa kaka yake, akakae siku nne. Theopista alimjua mumewe, na aliogopa kwelikweli. Ile ilikuwa kazi ya miaka kumi na miwili.

Kesho yake akaunda sanamu ya kutishia ndege. Mifupa ilikuwa fito, ngozi mfuko wa salfeti, ndani nyasi kavu. Kiunoni akafunga mpira wa tairi ili upepo ukipita mwili uyumbe, na mikononi akaning'iniza tepe za kaseti mbovu zivume. Bado ikawa gunia tu. Akaishusha bega la kulia kidogo, akaiinamisha kidogo, akacheka peke yake. Akaivika kofia, akaisimamisha ikiipa njia mgongo. Uso hakuuweka. Kwelea wakahamia kwa majirani.

Siku Telesphor aliporudi, hata maji hajanywa, akaingia Manyanda, Msukuma aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake kando ya shamba lao kila asubuhi. Alikuwa amevimba kwa hasira.

"Baba Romana, mie nimekukosea nini? Siku tatu nakusalimia shambani, unanipa mgongo. Leo nimekusalimia mbele ya watoto wangu, ukanitingishia kiuno!"

"Mimi? Siku zote hizo nilikuwa Mpanda!"

"Sasa aliyetingisha ni nani?"

Theopista alikuwa ameinamia sufuria, mbavu zinamuuma kwa kicheko alichokizuia. Ikabidi aseme. Wakaenda shambani wote watatu. Manyanda alipoiona ile sanamu, akakaa chini kwenye jaruba, akacheka mpaka fimbo ikamponyoka, kisha akaaga ili awahi kuwasimulia wenzake.

Telesphor hakucheka. Tangu azaliwe hakuwahi kuuona mgongo wake. Aliizunguka sanamu mara mbili, akarudi nyuma yake.

"Bega langu limelala hivi?"

"La kulia. Tangu ule mwaka uliolima peke yako, nikiwa mgonjwa."

"Ulilipima lini?"

"Sijapima. Miaka ishirini na mbili natembea nyuma yako na mzigo kichwani. Ulitaka niangalie nini?"

Habari ya moto Telesphor hakuigusa. Akatazama chini ya kofia, pale palipo patupu.

"Na uso?"

"Huo siujui vizuri," alidanganya Theopista.

Walipoanza kurudi, Telesphor alimpokea mkewe kikapu alichokuja nacho, akakibeba mwenyewe, akajisogeza pembeni ya njia.

"Tangulia," alisema.

Theopista akatangulia. Alitembea polepole, makusudi, ili mwanamume aone vizuri.